Majani ya Chai

Tangu turudi, kila ninayekutana naye pale Nengo au kwenye soko la Mahoko ananiuliza swali lile lile: "Divine, ilikuwaje huko Mwanza?" Nimejibu "salama" mara nyingi mpaka neno lenyewe limechakaa mdomoni. Kwa hiyo ninaandika mara moja, msome wote, halafu tuendelee na mengine. Ombi langu ni moja: mkikutana na kaka yangu, msimuulize yeye.

Habari za tiketi na mihuri ya pasipoti nitaziruka. Hizo hazikutuzuia.

Kwa wale wasiomfahamu vizuri, Innocent ananizidi miaka sita. Nyumbani tunamwita Yaya, kama tunavyowaita kaka na dada wakubwa hapa kwetu na upande wa Goma. Alipokuwa na miaka tisa, baba alimpandisha boti ya abiria kwenda Kibuye, na aliporudi akasema atakuwa nahodha. Watoto wote husema jambo kama hilo. Tofauti yake ni kwamba hakuacha kulisema. Baba alipofariki aliacha shule akaenda kuvuta nyavu za sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, kisha akarudi darasani akiwa na ndevu, akakaa dawati moja na watoto waliomwita "mwalimu" kumtania. Mara ya kwanza alipoitwa kwenye usaili wa chuo kimoja cha mabaharia Mwanza, mipaka ilifungwa kwa sababu ya ugonjwa. Mara ya pili mlima wa moto ulilipuka, ardhi ikatetemeka, ukuta wa nyumba yetu ukalala chini, na nauli ikageuka matofali. Hii ilikuwa mara ya tatu. Chuo hakipokei mtu aliyefika miaka thelathini, na Yaya alikuwa na ishirini na tisa.

Mimi sikuwa ninaiamini ndoto hiyo, na mnajua sijui kuficha. Nilimuuliza mara nyingi: kwa nini nahodha, kwa nini si fundi wa injini, nani alikwambia kwamba jambo ulilolitamani ukiwa na miaka tisa ndilo linalokufaa ukiwa mtu mzima? Alikuwa ananisikiliza hadi mwisho, halafu anasema kwa Kifaransa chake cha mtaani, "Bon. Umemaliza?" Nilikwenda naye kwa sababu mama alinituma. Mimi nilisoma Kiswahili chuo kikuu. Yaya anakijua cha ufukweni tu. Mama aliogopa asije akakwama kwa sababu ya maneno.

Gisenyi hadi Kigali

Mama alitusindikiza hadi stendi kabla ya kuvuka kwenda Goma na kabichi zake. Alitupa viazi vya kuchemsha na mfuko wa kijani wa nailoni uliobeba nguo zetu zote. Hakulia. Alimshika Yaya kidevu akamwambia, "Uende urudi nayo," akimaanisha kazi.

Barabara ya milimani mnaijua, sitaieleza. Yaya alikaa dirishani na daftari lake magotini. Ndani alikuwa amechora ufuko wote wa ziwa kutoka kwetu hadi Kibuye: kila rasi, kila mwamba, kila mahali ambapo upepo hubadilika. Miaka kumi ya kuchora. Michoro yote ni ya kalamu nyeusi. Nilimuuliza kwa nini hajaweka rangi, angalau buluu ya maji. Akasema, "Maji mutu anajua iko maji."

Kigali tulivuka barabara karibu na stendi, na nilimwona akitazama miguu ya watu badala ya taa. Watu wakisimama, anasimama; wakiondoka, anaondoka. Nikamcheka. Nikasema ni tabia ya mtu wa kijijini. Leo ningependa kukirudisha kicheko kile.

Kigali hadi Rusumo

Rusumo ni daraja, maporomoko ya Akagera chini yake, na ng'ambo ya pili magari yanahamia upande wa kushoto wa barabara. Saa nazo zinahama. Sisi tulilala Kigali, tukafika saa nne asubuhi, tukavuka kwa miguu, na upande wa Tanzania ilikuwa saa tano. Nilisoma miaka minne chuo kikuu lakini sikukumbuka hilo. Basi letu lilikuwa limeondoka dakika ishirini zilizopita.

"Saa moja yetu iko wapi?" Yaya aliniuliza.

"Imebaki darajani."

"Tutaichukua tukirudi."

Tulisubiri basi jingine hadi alasiri, tumekaa juu ya mfuko wetu kando ya kibanda cha mama mmoja muuza maji. Nilimwita kaka yangu kama kawaida: "Yaya, leta chupa." Mama yule akageuka. Akanitazama mimi, akamtazama yeye na ndevu zake.

"Huyu ndiye yaya wako?"

"Ndiyo, yaya wangu."

"Anakulea vizuri. Umeshiba." Kisha akawaita wenzake waje waone. Kwao yaya ni msichana anayelea watoto wa watu. Nilipoeleza, walizidi kucheka, na mmoja akamletea Yaya mtoto wake wa mgongoni ambembeleze. Akambembeleza. Mtoto akalala. Kuanzia hapo hadi basi lilipofika, kila aliyepita alisema, "Yaya, na wangu."

Rusumo hadi Nyakanazi

Basi liliharibika kabla ya Nyakanazi na tukaingia mjini tukisukumwa na lori. Tulilala hapo. Asubuhi fundi alisema saa moja, ikawa sita. Nitasimulia mambo mawili tu ya siku ile.

La kwanza ni chakula. Tuliingia kwa mama ntilie, tukaagiza wali na samaki. Sahani ya Yaya ilikuja na pilipili ya kusaga pembeni. Tumbo lake halipendi pilipili, kwa hiyo akamwambia yule mama kwa adabu, "Mama, tosha pilipili."

Mama akaongeza kijiko.

"Hapana, mama. Tosha. Tosha yote."

Akaweka vijiko vitatu, akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Wanyarwanda mnajua kula."

Kwetu kutosha kitu ni kukiondoa. Mtu anatosha viatu mlangoni, anatosha jiwe kwenye mchele. Kwao ni kuwa cha kutosha. Nilimweleza yule mama, naye akacheka hadi akashika meza. Yaya alikula ule wali, machozi yakimtoka, kwa sababu aliona aibu kuurudisha. Mimi nikampa hotuba ndefu kuhusu lahaja. Nilifurahi, nakiri. Nilikuwa nimepata nadharia: taabu zote za safari hii ni za maneno, na mwenye dawa ya maneno ni mimi.

La pili ni mfuko. Utingo aliteremsha mizigo ili fundi afikie injini, na basi lilipopona Yaya alikwenda kuchukua wetu. Akanyanyua mfuko mwekundu. Mwenyewe, baba mmoja mwenye kofia, akamkamata mkono.

"We kijana, unaiba mchana?"

"Ile njo yangu, muzee."

"Yako wapi? Huu mwekundu, wako ule wa kijani. Dada yako aliukalia jana kutwa pale Rusumo, sote tulimwona."

Yaya aliinama akaigusa mifuko yote miwili, akapapasa mishono, akaomba radhi. Nilimwambia, "Macho yako iko wapi?" Akasema amechoka. Nami nikaamini kwamba amechoka. Mimi ninayewaambia nyinyi kila siku msiamini chochote.

Kivukoni Busisi

Wakati ule daraja kubwa la ziwani lilikuwa halijafunguliwa. Nguzo zilisimama majini, sisi tukapanga foleni ya kivuko chini yake. Ziwa lao halina milima ya kulishikilia kama letu; linaanza tu na kuendelea. Yaya aliliangalia muda mrefu.

Tulipopanda alipotea, nikamkuta mbele akizungumza na mfanyakazi mmoja wa kivuko, mtu mfupi mwenye fulana iliyotoboka begani. Mfanyakazi alikuwa anampima.

"Haya, unaingia bandarini. Boya jekundu mkono gani?"

"Kushoto."

"La kijani?"

"Kuume."

"Unatoka?"

"Nageuza."

"Ukungu umeshuka, huoni boya?"

"Napunguza mwendo, napiga honi, naweka mutu mbele anasikilizia."

Yule mtu akamshika mkono akautikisa. "Huyu ni nahodha," aliniambia. "Dada, huyu chuo kitamchelewesha tu." Tulipoteremka alipaza sauti nyuma yetu: "Nahodha, ukipata meli yako unikumbuke."

Ninyi mnamjua Yaya kama mtu mkimya. Kutoka Busisi hadi Mwanza hakunyamaza. Alinieleza jinsi atakavyomchukua mama kwenda Kibuye, ambako hajawahi kufika kwa maji kwa sababu anaogopa, na jinsi atakavyomketisha pale mbele karibu na usukani ili aone mikono yake. Kwa mara ya kwanza nilijikuta nimeiona picha hiyo. Nilimwona mama na kitenge chake, ameshika chuma kwa mikono miwili. Nikafikiri, labda mimi ndiye niliyekosea miaka yote hii.

Mwanza

Usaili ulikuwa wa siku tatu. Hesabu alipita. Kuogelea alikuwa wa pili kati ya vijana arobaini, wote wadogo kwake. Siku ya tatu ilikuwa ya afya, na mwisho wa afya ni macho.

Nilimsubiri nje kwenye benchi. Alitoka upesi mno. Akakaa kando yangu akaweka mikono katikati ya magoti.

"Wamekataa."

"Kwa nini?"

"Iko taa kwa chumba ya giza. Nesi anawasha, unasema rangi. Nilisema majani, akaandika kosa."

Nilisimama papo hapo. Majani! Si ndiyo rangi ya majani, si ndiyo kijani chenyewe? Kwa hiyo mtu amevuka nchi mbili, amesoma na watoto, halafu anaangushwa kwa kuwa amesema majani badala ya kijani? Yaya alinishika mkono. "Divine, wacha." Nikautoa mkono wangu nikaingia.

Nesi alikuwa mama wa makamo, Msukuma, na miwani imening'inia kifuani. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema taratibu, "Mdogo wangu, alisema majani, ni kweli. Lakini taa niliyowasha ilikuwa nyekundu."

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza hapo. Sikuitumia. Nilimwambia kwamba kwetu Rwanda ukisema majani, mtu anafikiria majani ya chai, yale ya pakiti. Dukani unaomba majani, unapewa chai. Na chai ina rangi gani ikiwa kikombeni? Nyekundu. Kwa hiyo kaka yangu aliiona taa nyekundu, akaiita kwa jina la kwetu. Kosa si la macho, ni la tafsiri.

Nesi aliniangalia, halafu akacheka hadi akatafuta miwani yake. "Wewe umesomea uwakili?"

"Isimu."

"Mwite kaka yako."

Yaya akaingia akiangalia chini. Nilidhani anaona haya kwa sababu yangu. Nesi akafungua kabati akatoa sanduku la bati, akalimwaga mezani: vipande vya nyuzi za sufu, vingi, rangi za kila aina. "Hapa hakuna Kiswahili," alisema. "Sitaki jina lolote. Chukua huu," akamwekea uzi wa kijani mbele, "nitafutie ndugu zake. Dada, kaa pale. Usiseme kitu."

Nilikaa. Nilikuwa ninatabasamu, nakumbuka.

Mkono wake ulizunguka juu ya nyuzi bila kuzigusa, kama ule wa mtu anayetafuta joto. Akachukua kijani kimoja akakiweka. Akachukua cha rangi ya udongo, akakiweka kando yake. Akachukua kingine cha udongo. Halafu akachukua uzi mwekundu, mwekundu kama damu, akaulaza kati ya vile vya kijani, akaunyoosha kwa kidole uwe sawa na wenzake.

Mimi ndiye niliyempeleka mezani pale. Katika dakika ile nilimwona akiwa na miaka kumi na miwili, mama amemtuma kuvuna nyanya, naye amerudi na ndoo iliyojaa mbichi. Mama alimwita mvivu. Sote tulimwita mvivu. Niliona miguu ya watu Kigali, na mfuko mwekundu wa Nyakanazi, na ramani ya kalamu nyeusi. Nesi naye hakuwa anacheka tena. Alivua miwani.

Yaya aliangalia uso wake, akaangalia wangu, akajua. Akaisogeza mikono mbali na meza.

"Mama," akasema, "tosha."

Kwetu maana yake ni ondoa. Alikuwa anamwomba aondoe zile nyuzi mbele yake. Nesi akasikia kwa Kiswahili chake, akajibu, "Ndiyo, mwanangu. Inatosha." Mimi mtaalamu wa tafsiri sikumsahihisha mtu.

Kurudi

Nesi alitusindikiza hadi getini. Alituambia kwamba hata chumba cha injini kina nyaya za rangi, kwa hiyo asingependa kutudanganya kwa matumaini mengine. Alimwambia Yaya pole. Nilimshukuru, kwa sababu hakusema Mungu ana mpango wake.

Kivuko kilikuwa kile kile, na mtu wa fulana iliyotoboka alikuwepo. Alituona kutoka mbali. "Nahodha! Wamekuchukua?" Yaya aliinua mkono juu, akautikisa, na yule mtu akapiga makofi. Alielewa ndiyo. Hatukumfuata kumsahihisha.

Tulisimama nyuma ya lori la mahindi. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha tangu Mwanza, nikayatoa vibaya, yote kwa pamoja.

"Uko unalia ya nini?" akasema. "Mi nilijua."

"Ulijua tangu lini?"

"Toka zile nyanya."

"Sasa kwa nini ulikuja? Kwa nini umesoma miaka yote hii? Kwa nini hukusema?"

Alifikiri. Maji yalikuwa yanapita kati yetu na nguzo za daraja. "Nilijua," akasema, "lakini hakuna mutu alikuwa ananiambia. Kama hawajakwambia, unaweza kuendelea kidogo." Kisha akaongeza, "Na wewe ulisema vizuri sana ile ya chai. Nilikuwa kwa benchi, nikasikia. Donc, basi, nikasema, ata mimi niamini kidogo."

Hilo ndilo ninalolala nalo. Kwa miaka yote nilimpinga, na siku pekee niliyomtetea ndiyo siku niliyomvunja.

Nyakanazi hatukula. Rusumo, katikati ya daraja, Yaya aliitazama saa yake akairudisha nyuma. "Tumeichukua saa yetu," alisema. Hakutabasamu.

Nyumbani

Mama alikuwa amesimama stendi bado na vumbi la Goma miguuni. Aliona nyuso zetu. Akasema "Ihangane" kama mtu anavyosema msibani, akachukua ule mfuko wa kijani akatangulia. Jioni nilimsimulia habari za nyuzi. Akauliza, "Na zile nyanya?" Nikasema ndiyo, na zile nyanya. Akaenda kusimama uani.

Nilifikiri hapo ndipo pangekuwa mwisho. Nilianza hata kumtafutia kazi nyingine, mnakumbuka niliwauliza baadhi yenu. Wiki ya tatu Yaya alianza kazi kwenye boti ya abiria inayokwenda Kibuye. Anafunga kamba, anabeba mizigo, anaosha sakafu. Alimweleza mwenye boti ukweli wote wa macho yake, na mwenye boti akamwambia kwamba wao husafiri mchana tu, lakini usukani asiutegemee. Labda siku moja, katikati ya ziwa, hali ya hewa ikiwa nzuri. Labda. Nilimwambia Yaya kwamba hilo neno ni la kumfukuza mtu kwa adabu. "Bon," akasema. "Umemaliza?"

Jumapili iliyopita aliniomba tuteremke ufukweni. Alikuwa na daftari lake. Boti zilikuwa zimepangwa kwenye mchanga, naye akawa anazinyooshea kidole moja moja, ananiuliza rangi, anaiandika kando ya umbo la boti aliyoichora. Miaka yote mimi ndiye ninayeuliza. Nilitaka kumuuliza itamsaidia nini. Nikajibu tu.

"Ile ya kwanza?"

"Nyeupe, na mstari wa buluu."

"Ile kubwa?"

"Nyekundu."

Akaandika. Akanyoosha kidole kwenye ndogo ya mwisho, iliyoinamia maji.

"Na ile?"

"Majani," nikasema.

Kalamu yake ikasimama.

"Ya chai?"

"Hapana, Yaya. Ya mti."

Akaandika.